Ritifaa

Saa tano za usiku, Langoni, juu ya duka la rangi na misumari,
nauuliza mtambo: maneno ya Lali umeyapeleka wapi?

Kazi yake ni moja. Usome msimbo wetu wa tiketi za boti,
uchume maelezo tuliyoyaacha pembeni kwa lugha ya watu,
uyapange kurasa, uyape faharasa,
ili atakayerithi kiti hiki asitubembeleze kwa simu.

Kurasa mia na sita zimetoka safi.
Ule wa nauli umekatika kama mtu aliyeitwa akisema:
«Hapa huhesabiwa malipo ya abiria wa ng»
kisha weupe,
kisha, chini kabisa, aliyezama anaibuka:
«ora kikilia, funga dirisha la mauzo.»

Hakuna onyo. Hakuna herufi nyekundu.
Mtambo umesema: Tayari.

Nilianza na yanayofanywa na kila mtu.
Nikazima, nikawasha.
Nikashusha toleo la mwaka juzi, nikapandisha la jana.
Nikamtukana fundi nisiyemjua, wa nchi nisiyoijua,
kisha nikaomba radhi mbele ya skrini.
Nyuma ya nyumba jenereta ikakohoa, taa zikapepesa.
Twahiri akauliza, «Iliyoharibika ni ipi, hii ya kurasa au ile ya dizeli?»
Ya dizeli afadhali, nikamwambia. Ikifa, hunyamaza.

Bwana Mbwarahaji ameshausoma ukurasa ulivyo.
Amesema: basi kila abiria alipe, hapakuandikwa vingine.
Lali yuko Doha, analinda ghala la matairi.
Ujumbe wangu kwake una tiki moja, ya kijivu.

Nikashika kisu. Faili nikaikata nusu:
ya juu nzima, ya chini mbovu.
Nusu ya nusu. Robo ya robo.
Kama anayetafuta mwiba wa changu kwa ncha ya ulimi,
hadi ukabaki mstari mmoja, na katika mstari neno,
na katika neno kimkia kilichoning'inia juu ya herufi.

Ng'.

Mtambo uliona ritifaa ukadhani ni mlango wa nukuu.
Ukaingia, ukafunga, ukameza kila kilichomo
mpaka ritifaa ya pili, ukaidhania mlango wa kutokea.
Toka ng'ambo hadi king'ora, mistari kumi na minne.
Zingalikuwa tatu, ungekwama ukapiga kelele.
Zilikuwa mbili.
Shufwa ndiyo iliyotusaliti.

Aliyeuunda hakuwahi kung'ata wala kung'oa,
hakuwahi kuchelewa boti akabaki ng'ambo, Mokowe, na mzigo wake.
Simlaumu. Mimi mwenyewe, darasa la pili,
nilipigwa rula ya vidole na Mwalimu Barke:
«Hilo si pambo! Ngoma na ng'ombe si ndugu!»

Nikautungia mtambo kanuni: hii ni sauti moja, usiipasue.
Jaribio la kwanza likavunja nukuu za faili nyingine zote.
La pili likavunja la kwanza.
Saa tisa na robo, Twahiri amelala juu ya maboksi ya karatasi za risiti,
likakaa.

Na Lali akarudi akiongea, kana kwamba alikwenda msalani tu:
«…abiria wa ng'ambo. Mgonjwa mwenye barua ya hospitali halipi.
Anayemsindikiza halipi. Akirudi peke yake, halipi pia.
Sifuri hii si kosa. Tafadhali usiisahihishe.»

Asubuhi Bwana Mbwarahaji akasoma, akakuna shingo,
akauliza kama si nyongeza yangu ya usiku.
Nikamwonyesha tarehe. Akasoma tena, polepole,
pale pa kurudi peke yake.

Bado ukurasa wa ratiba.
Jedwali limepinda, Ijumaa imeangukia chini ya Alhamisi,
na mtambo, kwa adabu yake ileile, unasema:
Tayari.